Jumuiya ya Kibiashara na Mkataba wa Biashara Huria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi wanayataja haya mawili kama kitu kimoja na kwenye maongezi ya kawaida hamna shida, shida inaanza pale mtu anapoagiza mzigo kutoka "nchi mwanachama" akijua hakuna ushuru, alafu anaambiwa alipe. Au serikali inatangaza imesaini mkataba mpya na majirani wanakasirika, na hakuna anayeelewa wamekasirikia nini. Haya hapa maswali yanayojirudia zaidi.

Kwa kifupi kabisa, tofauti iko wapi?

Mkataba wa biashara huria ni makubaliano ya nchi mbili au zaidi kwamba bidhaa zetu sisi kwa sisi zipite bila ushuru wa forodha au kwa ushuru mdogo, basi. Kwa dunia nzima iliyobaki kila nchi inaendelea na viwango vyake kama kawaida, ikitaka kupandisha inapandisha, ikitaka kushusha inashusha, haiulizi mtu.

Jumuiya ya kibiashara inaenda mbali kuliko hapo. Nchi zinaunda kundi lenye vikao, sekretarieti, mara nyingine mpaka bunge na mahakama, na ikifikia ngazi ya umoja wa forodha zinakuwa na ushuru mmoja kwa bidhaa zote zinazotoka nje ya kundi.

Ukitaka kujua unaongelea kipi usihangaike na jina, uliza maswali mawili tu: ushuru wa bidhaa za nje unapangwa na nani, na je mwanachama mmoja anaweza kwenda kusaini dili na nchi ya nje bila wenzake? Kama kila nchi inapanga wake na inasaini inavyotaka, huo ni mkataba hata kama wameupa jina kubwa la kutisha. Kama wanapanga pamoja na hakuna anayesaini peke yake, hiyo ni jumuiya ya ukweli.

Mbona kuna jumuiya ambazo hazina ushuru wa pamoja?

Zipo, na ndo zinazochanganya watu. Mwaka 1961 mwanauchumi Béla Balassa alipanga huu muungano wa kiuchumi kwa ngazi, na mpaka leo vitabu vingi vinamfuata: chini kabisa kuna eneo huru la biashara, juu yake umoja wa forodha, alafu soko la pamoja ambapo watu na mitaji nayo inavuka, alafu umoja wa kiuchumi, na kileleni muungano kamili. Kwa hiyo eneo huru la biashara linaweza kuwa ngazi ya kwanza ya jumuiya, au linaweza kuwa mkataba tu wa nchi mbili ambazo hazina mpango wa kupanda popote.

Mfano EFTA, ile ya Norwei, Uswisi, Aisilandi na Liechtenstein. Ilianza 1960, ina sekretarieti, wanajadiliana mikataba na nchi za nje kama timu, lakini sio umoja wa forodha. ASEAN ya Asia ya Kusini Mashariki nayo ni hivohivo, ni jumuiya tangu 1967, wakakubaliana eneo huru la biashara 1992, ila Singapore na Indonesia kila mmoja ana ushuru wake kwa nchi za nje. Upande wa pili una RCEP, nchi 15 zikiwemo China, Japani na Australia, umeanza kazi Januari 2022, ni mkubwa kuliko jumuiya nyingi lakini ni mkataba tu. Ukubwa hauna uhusiano wowote na hii ishu.

Kwa nini kila mtu anang'ang'ania ushuru wa pamoja, una nini cha ajabu?

Kwa sababu ukikosekana kunatokea upenyo. Chukua nchi mbili zenye mkataba, ya kwanza inatoza 5% kwenye mashine za kutoka nje na ya pili inatoza 25%. Mashine ni ya dola 10,000. Ukiiingiza moja kwa moja nchi ya pili unalipa dola 2,500, ukiipitisha nchi ya kwanza unalipa 500 alafu unaivusha mpaka kwa madai kwamba hizi nchi zina biashara huria. Umeokoa dola 2,000 na ile nchi ya pili ushuru wake umebaki pambo. Ni kama majirani wawili waliotoboa mlango wa katikati ila kila mmoja kabaki na geti lake la mbele, mwenye geti legevu ndo anaamua nani aingie kwa wote.

Dawa zipo mbili tu. Ya kwanza mnaweka geti moja, yaani ushuru wa pamoja, bidhaa ikishalipiwa popote imelipiwa kote. Ya pili kila mtu anabaki na geti lake lakini pale mlangoni katikati mnaweka mtu wa kuuliza: hii bidhaa imetengenezwa wapi? Hiyo dawa ya pili ndo inaitwa vigezo vya uasili wa bidhaa, na kwa maoni yangu ukivielewa hivyo umeelewa mikataba ya biashara huria karibu yote, sura zilizobaki unaweza kusoma siku nyingine.

Vigezo vya uasili vinafanyaje kazi?

Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba yake kwenye mfumo wa kimataifa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa, sita ni kifungu, na hizo sita zinafanana karibu dunia nzima. Mkataba unachukua hizo namba na kusema, kwa bidhaa hii lazima kifanyike hiki na hiki ndani ya nchi zetu ndo tuihesabu kuwa yetu.

Tuchukue shati la pamba. Kitambaa cha pamba kipo sura ya 52, shati la kitambaa kilichofumwa kwa mashine ya kufuma lipo sura ya 62. Kama mkataba unasema inatosha bidhaa kubadilika sura, basi unaagiza kitambaa kutoka nje, unakata, unashona, sura imebadilika, shati limekuwa la kwenu na linapita bure. Mkataba mwingine unakuja na sharti kwamba kuanzia uzi, yaani kusokota uzi kwenyewe, kufanyike ndani ya nchi wanachama. Mkataba wa Marekani, Kanada na Meksiko uko hivo kwa nguo nyingi. Kiwanda kilekile, cherehani zilezile, shati lilelile, kwenye mkataba mmoja halina ushuru na kwenye mwingine linalipa kama limetoka mwezini.

Au magari. Ule mkataba wa zamani wa Amerika Kaskazini, NAFTA, ulioanza 1994, ulitaka 62.5% ya thamani ya gari itoke ndani ya hizo nchi tatu. Ulipobadilishwa na huu wa sasa Julai 2020 ikapanda mpaka 75%, na juu yake wakaongeza kwamba sehemu ya gari, 40% mpaka 45%, itengenezwe na wafanyakazi wanaolipwa angalau dola 16 kwa saa. Hapo hakuna mtu aliyegusa ushuru, ushuru ulikuwa sifuri na wakati ule ukabaki sifuri, walichogusa ni nani ana haki ya kuipata hiyo sifuri, na viwanda vilihangaika kupanga upya vipuri vinatoka wapi. Ndo maana mtu akikutangazia mkataba wa ushuru sifuri, muulize kwanza kuhusu uasili.

Mzigo wangu umetoka nchi mwanachama, mbona nimetozwa ushuru?

Mara nyingi ni moja ya haya. Mzigo umetoka huko lakini haujatengenezwa huko, muuzaji kaununua nchi nyingine akauweka stoo na kukuuzia, kwa hiyo kimkataba sio wa kwao. Au umetengenezwa huko kweli ila hauna cheti cha uasili, au cheti kipo na namba ya bidhaa imeandikwa tofauti na ya kwenye ankara, na ofisa wa forodha hana kazi ya kukuonea huruma, bila karatasi sahihi anakupa ushuru wa kawaida. Au bidhaa yenyewe iko kwenye orodha ya zile zilizoachwa nje, na sukari, mchele, maziwa na nguo hupenda sana kukaa kwenye hizo orodha.

Pia kuna watu wanaona makato wanadhani ni ushuru wa forodha kumbe ni VAT. Mkataba unaondoa ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa kama pombe na sigara unalipa kama anavyolipa anayetengeneza hapohapo ndani.

Kwa wafanyabiashara wadogo kuna sehemu wamerahisisha, Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mfano ina cheti chepesi kinachotolewa mpakani kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000.

Subiri, jumuiya yenye ushuru wa pamoja bado inahitaji cheti cha uasili?

Kinadharia haitakiwi! Ukiwa na geti moja ambalo linafanya kazi kweli hakuna haja ya kuulizana ndani. Umoja wa Ulaya walimaliza umoja wao wa forodha Julai 1968 na leo bidhaa ikishaingia Rotterdam ikalipiwa, inaenda Warsaw bila mtu kuuliza ilizaliwa wapi.

Lakini jumuiya nyingi zina ushuru wa pamoja wenye matobo. Afrika Mashariki walianza umoja wa forodha Januari 2005 wakiwa na viwango vitatu, 0% kwa malighafi, 10% kwa bidhaa ambazo hazijakamilika na 25% kwa zilizokamilika, na Julai 2022 wakaongeza cha nne cha 35%. Safi kwenye karatasi. Ila kila mwaka wa bajeti nchi zinaomba ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja kwenye bidhaa fulanifulani, huyu anataka chuma kitozwe zaidi, yule anataka malighafi za kiwanda chake zisamehewe, na matokeo yake bidhaa ileile inaingia kwa bei tofauti kutegemea umeipitishia wapi. Geti likishakuwa na tundu inabidi umrudishe yule muulizaji mlangoni, kwa hiyo cheti kimebaki. Hapo binafsi naona jumuiya inabeba gharama za pande zote mbili, nchi imeachia uhuru wa kupanga ushuru na bado mfanyabiashara anajaza fomu.

Nchi iliyo ndani ya jumuiya inaweza kusaini mkataba wake peke yake na nchi ya nje?

Kwenye umoja wa forodha kwa kawaida haiwezi, na sababu ni ileile ya geti. Ukimfungulia mtu wa nje kwa sifuri wewe peke yako, umewafungulia na wenzako ambao hawajakubali. Ujerumani au Ufaransa hawawezi kusaini mkataba wa ushuru na mtu, Tume ya Ulaya ndo inajadili kwa niaba ya wote 27.

Mercosur ya Amerika Kusini imeteseka sana na hili. Ilianzishwa 1991 na Ajentina, Brazili, Paragwai na Urugwai, mwaka 2000 wakakubaliana kwamba mikataba ya ushuru na watu wa nje watajadili pamoja. Urugwai ni nchi ndogo inayouza nyama na soya na ingependa kufungua masoko haraka, Ajentina na Brazili zina viwanda vya kulinda na haziko haraka hata kidogo. Urugwai ikaanza maongezi na China, na Desemba 2022 ikaomba kujiunga na ule mkataba wa nchi za Pasifiki, CPTPP, na wenzake wakaja juu, wakatoa mpaka taarifa ya pamoja kwamba watajilinda. Hapo ndo unaona bei ya jumuiya: ukubwa unakupa nguvu mezani lakini mwendo wako ni wa yule anayetembea polepole kuliko wote.

Afrika Mashariki nao wana kisa chao, na hakijanyooka. Walimaliza majadiliano na Umoja wa Ulaya Oktoba 2014 kama kundi. 2016 Kenya na Rwanda wakasaini, wengine wakagoma. Kwa nini wagome wakati soko la Ulaya ni kubwa? Kwa sababu wengine wote wako kwenye daraja la nchi maskini zaidi duniani, na hizo zina msamaha wa Ulaya tangu 2001 wa kuuza kila kitu bila ushuru isipokuwa silaha, kwa hiyo kusaini kwao kulimaanisha kufungua soko lao bila kupata kipya cha maana. Kenya haimo kwenye hilo daraja, bila mkataba maua na mboga zake zingetozwa ushuru kuingia Ulaya. Mwaka 2021 viongozi wakakubali kwamba aliye tayari atangulie, Kenya ikasaini Desemba 2023 na mkataba ukaanza Julai 2024. Sasa fikiria bidhaa ya Ulaya imeingia Kenya kwa sifuri na inataka kuvuka kwenda kwa jirani ambaye hajasaini, hapo ushuru wa pamoja umekuwa wa pamoja kwa nani? Ndo maana majirani walinuna.

Kwenye eneo huru la biashara hili tatizo halipo. Meksiko iko na Marekani na Kanada, lakini ina mikataba yake na Ulaya, na Japani na wengine kibao, na hakuna anayemuuliza.

Uturuki iko kwenye umoja wa forodha wa Ulaya lakini sio mwanachama, inakuwaje hiyo?

Tangu mwisho wa 1995 Uturuki na Umoja wa Ulaya wana umoja wa forodha kwa bidhaa za viwandani, mazao ghafi ya kilimo hayamo. Uturuki inatakiwa ifuate ushuru wa Ulaya kwa watu wa nje. Ila mezani Ulaya wanapojadili na nchi nyingine Uturuki haimo, kwa hiyo Ulaya wakisaini na nchi fulani, bidhaa za nchi hiyo zinaweza kupenya mpaka Uturuki kupitia Ulaya bila ushuru, na Uturuki ikitaka kuuza kule inabidi ikaombe mkataba wake upya, na yule jamaa hana haraka maana alichotaka tayari anacho. Sidhani kama kuna nafasi mbaya kuliko hiyo kwenye mambo ya biashara, kufuata geti bila kuwa na funguo.

Na Norwei?

Norwei iko kinyume na hapo. Tangu 1994 iko ndani ya soko moja la Ulaya, sheria nyingi za bidhaa inazifuata, watu wanavuka kufanya kazi bila kibali, lakini umoja wa forodha haimo. Ndo maana pale Svinesund mpakani na Uswidi malori bado yanasimama forodhani. Ukitaka kuamini kwamba soko moja na umoja wa forodha ni vitu viwili, mfano ndo huo.

Uingereza ilitoka Ulaya ikasaini mkataba wa ushuru sifuri, sasa ilipoteza nini?

Swali zuri, maana watu waliuza sana ile habari ya "ushuru sifuri, bila ukomo wa kiasi" kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mkataba ulianza Januari 2021 na kweli ushuru ni sifuri. Kwa bidhaa zenye uasili wa Uingereza au wa Ulaya.

Kabla ya hapo lori lilikuwa linatoka Birmingham linaenda Lyon kama linaenda mtaa wa pili. Baada ya hapo likahitaji tamko la forodha pande zote mbili, na kwa chakula na wanyama vyeti vya afya na ukaguzi, na kama unataka ile sifuri, tamko la uasili juu yake. Kuna kampuni zilikuwa zinakusanya bidhaa kwenye ghala moja kubwa Uingereza na kuzisambaza mpaka Ayalandi, zikagundua kwamba bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Umoja wa Ulaya, ikaja ghala la Uingereza, alafu ikarudi Ayalandi bila kuguswa, inaweza kutozwa ushuru, kwa sababu Uingereza haijaifanyia kitu cha kuipa uasili na kule ilikozaliwa imeshatoka. Bidhaa ya Ulaya inalipa ushuru kuingia Ulaya! Ukiisoma mara ya kwanza unadhani ni makosa ya uchapaji.

Magari ya umeme nayo, betri ndo sehemu kubwa ya thamani na nyingi zinatoka Asia, kwa hiyo masharti ya uasili yalipokaribia kubanwa mwanzoni mwa 2024 ikaonekana magari mengi yangelipa 10%, na pande zote mbili zikakubaliana dakika za mwisho kusogeza mpaka mwisho wa 2026.

Ilichopata ni uhuru wa kusaini kivyake, na imesaini, ikiwemo kujiunga na CPTPP Desemba 2024. Kama kubadilishana huko kulilipa, hilo ni gomvi lao, ila walichobadilishana ndo hasa tofauti tunayoiongelea hapa.

Ushuru unaokusanywa kwenye geti la pamoja unaenda kwa nani?

Mada hii huwa haitajwi sana lakini ndo inayovunja urafiki. Mkataba wa biashara huria hauna hili tatizo, kila mtu anakusanya chake. Kwenye umoja wa forodha mzigo unashukia bandari ya nchi moja na unaliwa nchi nyingine, sasa hela ya nani?

Ulaya inaenda kwenye bajeti ya umoja, nchi iliyokusanya inabaki na 25% kama gharama za kazi. Afrika Mashariki wanafuata mzigo unapoenda, unalipia kwa nchi ya mwisho kabla haujatoka bandarini. Umoja wa forodha wa kusini mwa Afrika, SACU, wenyewe ni wa 1910, mkongwe kuliko wote uliobaki hai duniani, wana mfuko mmoja: makusanyo yote ya Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Lesotho na Eswatini yanaingia humo alafu yanagawanywa kwa fomula. Kwa Lesotho na Eswatini huo mgao ni sehemu kubwa sana ya mapato ya serikali, uagizaji Afrika Kusini ukishuka mwaka mmoja, mishahara ya walimu Maseru, mji mkuu wa Lesotho, inaanza kuongelewa.

Kuondoa ushuru kati ya marafiki lazima kuwe na faida, si ndio?

Sio lazima. Mwanauchumi Jacob Viner alilionyesha hili mwaka 1950 na mpaka leo wanasiasa hawapendi kulisikia. Tuseme bidhaa kutoka nchi ya nje ni shilingi 100, kutoka nchi rafiki ni 110, na wewe unatoza 20% kwa wote. Ya nje inafika 120, ya rafiki 132, unanunua ya nje, na serikali inapata 20. Sasa unamwondolea rafiki ushuru. Ya kwake inakuwa 110, ya nje imebaki 120, unahamia kwa rafiki. Mnunuzi kaokoa 10, serikali imepoteza 20, nchi kwa ujumla iko chini 10 na mmehamisha biashara kutoka kwa anayetengeneza kwa bei nafuu kwenda kwa anayetengeneza ghali.

Inaweza pia kwenda vizuri, pale rafiki anapochukua nafasi ya kiwanda chako ambacho kilikuwa ghali zaidi yake. Kinachoamua ni urefu wa ushuru wako kwa watu wa nje: ukiwa mkubwa, hatari ya kuhama vibaya nayo ni kubwa. Kwa hiyo jumuiya yenye ukuta mrefu kwa nje na soko dogo ndani ndo ya kuitilia mashaka zaidi, hata kama nyimbo zake ni nzuri.

Shirika la Biashara Duniani si linakataza upendeleo?

Linakataza, alafu linaruhusu. Kanuni ya kwanza ya GATT ya 1947, ule mkataba ambao ndo msingi wa shirika hilo, ni kwamba unachompa mmoja uwape wote, na kifungu cha 24 kinafungua mlango kwa maeneo huru ya biashara na umoja wa forodha, kwa masharti kwamba yahusu karibu biashara yote, sio bidhaa tatu mlizochagua, na kwamba watu wa nje wasiwekewe vizuizi vikubwa kuliko vya mwanzo. Nchi zinazoendelea zina mlango wao mpana zaidi tangu 1979.

AfCFTA ya Afrika ni jumuiya au mkataba?

Kwa sasa ni eneo huru la biashara, yaani upande wa mkataba, japo ina sekretarieti Accra. Ulisainiwa Kigali Machi 2018, ukaanza kuwa na nguvu Mei 2019, na nchi zote za Umoja wa Afrika zimesaini isipokuwa Eritrea. Mpango ni kuondoa ushuru kwenye 90% ya aina za bidhaa, 7% nyingine nyeti kwa muda mrefu zaidi, na 3% zinaweza kubaki nje kabisa. Ushuru wa pamoja wa bara zima haupo, umoja wa forodha ni ndoto ya mbele, na jumuiya za kanda zinaendelea kuwepo ndani yake.

Nchi inaweza kuwa kwenye jumuiya mbili?

Maeneo huru ya biashara, hata kumi. Umoja wa forodha mara mbili haiwezekani kimantiki, huwezi kutoza 10% na 25% kwenye bidhaa moja kwa wakati mmoja. Ndo maana Tanzania inaweza kuwa Afrika Mashariki na pia SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, bila mambo kugongana sana, SADC walipanga umoja wa forodha ifikapo 2010 na haukutokea. Ungetokea ingebidi mtu achague.

AGOA ni mkataba wa biashara huria?

Hapana. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoweka msamaha wa ushuru wa upande mmoja kwa bidhaa za nchi za Afrika, na aliyetoa anaweza kuchukua. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba, na mwaka 2018 ikasimamishiwa msamaha wa nguo. Kwenye mkataba kuna taratibu za kulalamika, kwenye zawadi hakuna. Barani Afrika nchi yenye mkataba kamili wa biashara huria na Marekani ni Moroko, tangu 2006.

BRICS, lile kundi la Brazili, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao, je?

Sio jumuiya ya kibiashara kwa maana hii. Hawana ushuru wa pamoja wala hawajaondoleana ushuru kama kundi. Ni jukwaa la siasa na fedha.

Jumuiya lazima iishie kwenye sarafu moja?

Wala. Mercosur haina, nchi za Ghuba zimekuwa na umoja wa forodha tangu 2003 na kila moja ina pesa yake. Afrika Mashariki walisaini itifaki ya sarafu Novemba 2013 na bado.

Kipi ni rahisi kutoka?

Mkataba, mbali sana. Ule wa Marekani, Kanada na Meksiko unaandika barua, miezi sita imeisha. Umoja wa Ulaya kifungu cha 50 kinatoa miaka miwili, na Uingereza ilitoa taarifa Machi 2017 ikatoka Januari 2020 baada ya kuongezewa muda. Ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977 ikiwa na reli, bandari na shirika la ndege la pamoja, na kugawana mali na madeni kulichukua mpaka 1984 kufikia makubaliano.

Nitajuaje bidhaa yangu inaguswa na kipi kabla sijaagiza?

Anza na namba ya bidhaa ya tarakimu sita, usianze na jina, maana jina linadanganya. Ukishaipata fungua kitabu cha ushuru cha nchi unayoingizia, utaona kiwango cha kawaida na mara nyingi safu za pembeni zenye viwango vya kila mkataba. Hapo ukiona sifuri usisherehekee, nenda kwenye kiambatisho cha uasili cha mkataba huohuo usome mstari wa namba yako, alafu mwandikie muuzaji umuulize malighafi zimetoka wapi na kama anaweza kukupa cheti. Akianza kuzungukazunguka kwenye hilo swali, piga hesabu zako kwa ushuru kamili.